Barabara Pana Pekee Haiondoi Foleni

Muhula huu chama chetu cha midahalo kilijadili hoja isemayo, "Kupanua barabara ndiyo dawa ya foleni." Upande uliokubali ulishinda kwa kura nyingi. Mimi nilisimama upande uliopinga, na kengele ikalia kabla sijamaliza maneno yangu. Namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi katika gazeti letu ili niyamalize.

Najua ya kuwa wako wasomaji watakaouliza, "Mwanafunzi wa bweni ana habari gani na foleni za mjini?" Nawajibu ya kuwa wengi wetu hapa shuleni tunatoka Dar es Salaam, au twapita huko wakati wa kufunga na kufungua shule. Wazazi wetu hupoteza njiani saa nyingi za maisha yao. Tena sisi ndio tutakaozitumia barabara hizi, na kulipa madeni yake, wakati waliozijenga watakapokuwa wamekwisha kustaafu. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Yaani katika miaka kumi tu waliongezeka watu zaidi ya milioni moja. Lakini njia kuu za kuingia katikati ya mji ni zile zile nne: Barabara ya Bagamoyo, Barabara ya Morogoro, Barabara ya Nyerere ipitayo uwanja wa ndege, na Barabara ya Kilwa. Mji umekaa kama mkono wa mtu. Watu wengi hulala kwenye vidole, na kazi nyingi ziko kiganjani, yaani Kariakoo, Posta na bandarini. Asubuhi wote huelekea kiganjani, na jioni wote hurudi. Barabara ya Mandela na ile ya Sam Nujoma huvikata vidole hivyo, na kwenye makutano yake ndipo foleni zilipozoea kuwa mbaya kupita kiasi.

Haki isemwe: kazi kubwa imefanyika. Mwezi wa Aprili 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere la kuvukia Kigamboni. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mabasi yaendayo haraka, ambayo kila mtu huyaita mwendokasi, yalianza kukimbia kati ya Kimara na Kivukoni katika njia yao wenyewe. Mwezi wa Septemba 2018 Rais John Magufuli alifungua barabara ya juu ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale. Mwezi wa Februari 2021 yakafunguliwa makutano ya Ubungo, yenye barabara za ngazi tatu, yakaitwa kwa jina la Mhandisi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi na ambaye alifariki mwezi huo huo. Na kutoka Kimara mpaka Kibaha, mwendo wa kilomita 19.2, barabara iliyokuwa ya njia mbili ilipanuliwa ikawa ya njia nane.

Mtu aliyekaa Ubungo kwenye taa za zamani, akazima injini ya gari na kuanza kununua karanga, hawezi kudharau kazi hiyo. Wala mimi siidharau. Ninalopinga ni kule kudhani ya kuwa upana peke yake ndio uliotakiwa, na ya kuwa foleni zikirudi, dawa ni kupanua tena.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Barabara ya juu kwenye makutano haipunguzi hata gari moja. Huyapitisha tu magari yale yale upesi zaidi mpaka kwenye makutano yanayofuata. Kadhalika barabara ya njia nane ikifika mahali inapopungua njia, magari lazima yabanane, kama maji yatokayo kwenye tumbo la mtungi na kupita shingoni. Ukiupanua mtungi na kuiacha shingo, maji hayatatoka kwa kasi zaidi. Na shingo ya Dar es Salaam ni katikati ya mji, mahali ambapo nyumba zimesongamana, na pa kupanulia hapapo.

Kuna sababu nyingine ambayo wenzangu wa upande wa pili hawakuigusa. Barabara ikiwa pana na nyeupe, huita magari. Mtu aliyekuwa akipanda basi anunua gari. Aliyekuwa akisafiri saa tano ili kukwepa msongamano asema, "Siku hizi njia ni nzuri, nitaondoka saa moja." Mwingine auza nyumba ya karibu na kujenga mbali kwa sababu barabara ni nzuri. Kila mmoja wao ana haki, lakini wakijumlishwa wote, barabara imejaa tena. Jambo hili si geni. Mchumi wa Marekani aitwaye Anthony Downs aliliandika mwaka 1962, akionyesha ya kuwa barabara kuu za mjini zikipanuliwa, magari ya saa za msongamano huongezeka mpaka zijae. Huko Houston, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, barabara iitwayo Katy Freeway ilimaliza kupanuliwa mwaka 2008, na katika sehemu zake nyingine ina njia zaidi ya 20. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimerudi kuwa ndefu. Kama njia 20 hazikuwatosha watu wenye fedha za kujenga watakavyo, sisi tutajenga ngapi?

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaiweza. Basi refu la mwendokasi lina urefu wa mita 18, na huweza kuchukua watu wapatao 150. Tuwaweke watu hao katika motokaa, wawili wawili. Tutahitaji motokaa 75. Kila motokaa ikiwa na urefu wa mita nne na nusu, zikipangwa pua kwa mkia bila hata nafasi ya kupitisha mkono, mstari wake utakuwa na urefu wa mita 337 na nusu. Na magari yanayotembea hayawezi kukaa pua kwa mkia, kwa hiyo mstari wenyewe ni mrefu zaidi ya hapo. Watu ni wale wale 150. Ndiyo maana nasema ya kuwa tukipima barabara kwa idadi ya magari yanayopita, twajidanganya. Ipimwe kwa idadi ya watu wanaofika.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, Mbezi. Mama yangu ameajiriwa dukani Kariakoo, na kazi yake huanza saa mbili asubuhi. Yeye huondoka nyumbani saa kumi na moja kasorobo, kukiwa giza, kwa sababu akichelewa nusu saa tu, mabasi yamejaa na barabara imefunga. Jioni hurudi saa tatu, mara nyingine saa nne. Mdogo wangu aliye darasa la tatu humwona mama yake kwa mwanga wa jua siku ya Jumapili tu. Barabara ipitayo karibu na kwetu sasa ina njia nane, nasi tuliifurahia sana. Lakini mama huondoka saa ile ile. Njia zimeongezeka, ila yeye hana gari la kupitisha humo. Alichohitaji ni basi lenye nafasi, linalokuja kwa wakati unaojulikana.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Dar es Salaam ilikwisha kuipata dawa iliyo bora kuliko upana. Dawa hiyo ni njia ya mabasi peke yake, kama ile ya mji wa Bogotá nchini Kolombia iliyoanza mwaka 2000. Mwaka 2018 mji wetu ulipewa kwa ajili hiyo tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na hapakuwa na mji mwingine wa Afrika uliokuwa umeipata kabla yake. Lakini tangu mwanzo kilio cha abiria kimekuwa kimoja: mabasi ni machache kuliko watu. Abiria husimama kituoni wakiitazama njia iliyo tupu na safi, hali pembeni yake magari yamefungana. Mwenye motokaa naye akiiona njia ile tupu hukasirika na kusema imepotea bure, na wengine huingia humo kwa wizi, na bodaboda nyuma yao. Kujenga njia ya mabasi bila kununua mabasi ya kutosha ni kama kuchonga kinu na kuacha mchi. Kinu hakina kosa.

Tena ukarabati usisahauliwe. Pale Jangwani, Mto Msimbazi ukifurika, barabara hufungwa na mabasi husimama, na mji hukatika vipande viwili. Barabara ya ngazi tatu Ubungo haimsaidii mtu ambaye kilomita chache mbele amekutana na maji. Mfereji wa maji ya mvua hauna sherehe ya kuufungua, lakini siku ya masika huwa na thamani kubwa.

Watu wawili watanipinga, nami napenda kuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza ni mwenye gari. Husema, "Nimefanya kazi, nimenunua gari langu, nalipa kodi ya mafuta, kwa nini nibanwe?" Simlaumu. Kwa mabasi yalivyo, nami ningekuwa na uwezo ningenunua. Lakini na afikiri: kila abiria anayepanda basi kwa hiari yake amempisha yeye barabarani. Mabasi yakiwa mengi na mazuri, atakayefaidika upesi kuliko wote ni yule ambaye ni lazima aende na gari, kama vile daktari aliyeitwa usiku, fundi mwenye vyombo vyake, na gari la wagonjwa.

Wa pili ni mfanyabiashara. Husema ya kuwa bandari ndiyo riziki ya nchi, na malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi lazima yapite. Ni kweli, lazima mizigo ipite. Lakini si lazima yote ipite Barabara ya Mandela saa moja asubuhi, pamoja na watoto wa shule. Reli mpya ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na mwaka 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani. Makontena yakisafirishwa kwa reli mpaka Kwala, na malori yakayapokea huko, foleni ya Mandela itapungua bila kuongezwa hata njia moja. Nafikiri hilo ni jema kuliko kujenga barabara nyingine ya juu.

Sasa nataka kusema neno juu ya ardhi, ambalo ni zito. Mwaka 2017, nilipokuwa shule ya msingi, nyumba nyingi zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa ili kuipisha barabara. Sisi watoto tulizoea kuona alama ya X nyekundu kwenye kuta, tukajua ya kuwa rafiki yetu fulani atahama. Katika mtaa wetu iliondoka nyumba iliyokuwa na duka, ambalo mwenyewe alitukopesha daftari na kalamu. Neno la nani alistahili fidia na nani hakustahili lilibishaniwa sana, wala si la mwanafunzi kuliamua. Ninalosema ni hili: ardhi ile ilipatikana kwa gharama ambayo haimo katika vitabu vya mkandarasi. Watu walihama ili barabara ipite. Basi tukiitoa ardhi hiyo yote kwa motokaa za mtu mmoja mmoja, na basi lililojaa watu likakwama katikati yake, tutakuwa tumewadhulumu mara ya pili. Ardhi iliyonunuliwa kwa machozi ya wengi yapasa ibebe watu wengi.

Na katika hao wengi, wako wanaokwenda kwa miguu. Barabara ya njia mbili ilikuwa nyembamba, na mtoto aliweza kuivuka kwa pumzi moja. Barabara ya njia nane ni safari. Mzee mwenye fimbo hawezi kuimaliza kabla gari halijatokea, na mwenye baiskeli ya walemavu hapandi ngazi za daraja la juu. Tangu zamani wakazi wa Manzese wana daraja lao la kuvukia kwa miguu, na kila mtu ajua faida yake. Lakini daraja likiwa mbali, watu hukimbia chini kwa chini, na hapo ndipo ajali zinapotokea. Ikiwa tumeongeza njia za magari mara nne, je, vivuko navyo tumeviongeza mara nne? Swali hili laweza kuulizwa kwa barabara yoyote inayopanuliwa, na jibu lake litaonyesha kama mchoraji aliwafikiria watu au magari tu.

Sisi wanafunzi tuna dhiki yetu ya pekee. Nauli yetu ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo makondakta wengine wakituona na sare hutuambia basi limejaa, au huwaruhusu wawili tu na kuwaacha kumi. Mdogo wangu amerudishwa nyumbani na walimu, si mara moja, kwa sababu ya kuchelewa ambako hakukuwa kosa lake. Kondakta naye ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na foleni imemla nusu ya safari zake. Barabara ikifunguka kwa basi, kondakta atapata safari nyingi, na mtoto atapata nafasi. Hayo mawili yanakwenda pamoja.

Kwa hayo yote, maoni yangu ni manne.

Kwanza, kabla ya kupanua barabara nyingine, njia za mabasi zilizokwisha kujengwa zipewe mabasi ya kutosha na ratiba inayofuatwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Pili, kila barabara ya mjini itakayopanuliwa itengewe tangu siku ya kuchorwa njia ya mabasi, njia ya miguu yenye kivuli, mifereji, na vivuko vya karibu karibu. Ni rahisi kuchora mstari kwenye karatasi kuliko kubomoa nyumba baadaye.

Tatu, mizigo mizito iende kwa reli kadiri iwezekanavyo, na malori yanayobaki yapangiwe saa.

Nne, kazi zisikae zote kiganjani. Ofisi, masoko makubwa, hospitali na shule nzuri zikipatikana Mbezi, Mbagala na Gongo la Mboto, mtu hatakuwa na sababu ya kuvuka mji mzima kila siku. Safari isiyokuwapo haileti foleni.

Wenzangu mnaotoka Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma, msiseme ya kuwa haya ni ya Dar es Salaam peke yake. Miji yenu nayo inakua. Huko Dodoma ilianza kujengwa barabara ya mzunguko yenye urefu wa zaidi ya kilomita 110, ili iyaondoe malori katikati ya mji. Jambo hilo ni jema. Lakini ndani ya mji bado iko nafasi ya kuzitenga njia za mabasi na za miguu kabla nyumba hazijajengwa wala hazijachorwa X. Ninyi mna bahati ya kuona kilichowapata jirani zenu.

Katika kidato chetu wako wanaotaka kuwa wahandisi, na Mungu akipenda watakuwa. Nawaomba wakumbuke jambo moja siku watakapoketi mbele ya ramani. Wasiulize tu ni magari mangapi yatapita hapo kwa saa. Waulize pia mama anayefanya kazi Kariakoo ataondoka nyumbani saa ngapi, na mtoto wa darasa la tatu atavukia wapi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne